Hina Ndani ya Eda

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usijali, nitakushika mkono mpaka tufike pamoja. Mie ni Shamsiya, mjane wa Amur, na kazi yangu ni kuuza udi hapa Ngamiani, Tanga. Mume wangu alilala mzima usiku mmoja na asubuhi hakuamka. Nikaingia eda: miezi minne na siku kumi sitoki bila dharura, sijipambi, sijitii manukato, wala sionwi na mwanamume asiye maharimu wangu.

Lakini biashara yangu iko kwenye simu, na simu haikai eda.

Nikapanga hivi. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakwenda laivu. Dada Lea, mpishi wangu, anakaa jikoni uani mbele ya simu ya biashara, anaonesha mikono tu, anakoroga udi na sukari sufuriani na kujaza makopo. Mie nipo chumbani nyuma ya pazia linalotazama jiko, nasoma komenti kwenye simu yangu, nasikika sauti. Sufuria siigusi, maana moshi wa udi ukishaingia nguoni nimeshajitia manukato. Watu elfu kumi na mbili wananifuata, na hakuna aliyelalamika.

Tuliishia Jumamosi asubuhi, wifi yangu Bayan, dada wa marehemu, aliponitumia picha na maneno matatu chini yake: "Wifi, ni kweli?"

Ilikuwa skrinshoti ya laivu ya juzi. Mikono miwili imeshika chetezo kinachofuka moshi. Na mikono hiyo imepakwa hina, maua yanapanda kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na ncha za vidole nyeusi tii kwa piko. Juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: HINA NDANI YA EDA. MUME HATA HAJAOZA.

"Dada Lea," nikaita. "Njoo huku. Mikono mbele."

Lea ni mwanamke wa miaka arobaini na tano, mtu wa Pongwe, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Si mtu wa kutishika. Lakini siku hiyo aliingia chumbani kwangu mikono ikiwa nyuma, kama amevunja sahani.

Akaileta mbele. Lo, ilikuwa hina nzuri. Hata mie niliyekasirika niliiona.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Ningejulia wapi?"

"Si ulikuwa unatazama laivu?"

Hapo akanipata. Mie kwenye laivu sitazami picha, natazama komenti. Nani anauliza bei, nani ametoa salamu, nani amenuna kwa kuwa sijamtaja jina. Nilikaa saa nzima nikiwasoma wateja, nisione hata kidogo walichokuwa wakikitazama wao.

"Jirani yangu Mama Sele anamwoza binti yake," Lea akasema. "Jumatano walinikuta mlangoni wakanivuta ndani. Nimekaa nao ukuta kwa ukuta miaka ishirini, Bi Shamsiya. Nikikataa hina ya binti yao wataona najitenga. Nikanyoosha mikono."

"Na Alhamisi ukaja kushika chetezo changu."

"Kwani mfiwa ni mimi?"

Nikamuuliza inatoka lini.

"Fundi alisema nikiitunza, wiki mbili."

Wallahi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na sikujua ni machozi ya kicheko au ya yale mengine, maana siku zile yote yalikuwa yanatoka tundu moja.

Kicheko kiliisha nilipofungua komenti. Mmoja aliniombea laana. Mwingine aliuliza kama nimeshapata mchumba. Mwanamume nisiyemjua, wa mji nisioujua, alinifundisha eda aya kwa aya. Hao niliwapita. Aliyeniuma ni Loveness wa Arusha, mteja wangu tangu nina wafuasi mia moja. Aliandika neno fupi tu: "Shamsiya, sema kitu."

Nikuambie jambo, msomaji. Marehemu baba yangu alikuwa na duka la ubani na mawaridi hapa hapa mjini. Mteja alikuja, akanusa, akalipa, akaenda zake. Hakujua baba amekula nini wala amegombana na nani. Wa kwangu wanajua. Nimewazoesha mwenyewe. Niliwaonesha sufuria yangu, chai yangu ya asubuhi, na siku Amur alipokufa niliwaonesha na msiba wangu. Walinililia. Wengine walichinja kuku wakamsomea Amur dua kwao huko, watu ambao hawakumwona hata siku moja.

Sasa wafiwa wenzangu walikuwa wanadai maelezo. Na mie nikafanya kosa ambalo baba yangu, mbele ya mteja aliyesimama mlangoni, asingelifanya. Niliandika haraka haraka: "Wapenzi wateja, picha inayosambaa ni ya video ya zamani, kabla ya msiba. Tuogope fitina."

Ilikaa dakika nne. Loveness akajibu mbele ya watu wote: "Shamsiya, kwenye laivu hiyo hiyo ulitushukuru kwa dua za arobaini. Ninayo." Akaweka na kipande cha video, sauti yangu hiyo, inashukuru kwa unyenyekevu, na mikono yenye hina inakoroga.

Nikafuta posti. Lakini ukifuta kitu mbele ya watu elfu kumi na mbili ni sawa na kufagia uani wakati wa upepo. Walishaipiga picha. Sasa nilikuwa na makosa mawili, la hina lisilo langu na la uongo lililo langu.

Mama mkwe wangu, Bi Khuloud, hakubisha hodi. Nyumba ni yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Iweke chini hiyo simu, mie sizungumzi na paji la uso."

Nikaiweka.

"Nimepigiwa simu na barabara ya nane nzima," akasema. "Mmoja kaniuliza kama mkwe wangu anatafuta mume."

"Mama, wewe unajua mikono ni ya Lea."

"Najua. Mie naishi humu na macho ninayo. Wao hawaishi humu. Waambie basi. Neno moja tu, ni ya Lea. Lina uzito gani neno hilo?"

Nikaigeuza simu kifudifudi.

Bi Khuloud alikaa kwenye duka la marehemu mumewe miaka thelathini. Anaujua ukimya wa mfanyabiashara. Alinitazama, akatazama pazia, akatazama jikoni ambako Lea alikuwa anaosha sufuria kwa kelele nyingi kuliko kawaida.

"Ala," akasema polepole. "Umewaambia ni wewe unayepika."

"Wateja wanapenda udi wa mkono wangu, mama."

"Mkono wako upi? Huo unaosugua kioo cha simu kutwa?"

Nilikuwa nimeyaandika yale maneno mara mia. Kila kopo limebandikwa karatasi, Udi wa Mkono wa Shamsiya. Watu walipouliza kwenye laivu kama ni mie ninayekoroga, sikusema ndiyo, nilisema, "Mnaonaje wenyewe?" Nao wakaona walichotaka.

"Basi chagua," Bi Khuloud akasema. "Ama uwe mjane asiye na haya, ama uwe muuzaji mwongo. Mie mwanangu yuko kaburini, sitaki jina lake lizungushwe kila grupu kama mchele wa msaada. Chumba hiki ni chako mpaka eda iishe, hiyo ni haki yako na siichezei. Lakini jiko la uani ni langu. Kesho ikipita hujalimaliza jambo hili, naweka kufuli."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Na kula. Tangu asubuhi hujala."

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Atakufungia jiko kisha akuletee uji.

Sasa elewa nilipokuwa. Bila lile jiko sina udi. Bila udi sina kitu. Amur hakuniachia nyumba, nyumba ni ya mama yake, wala hatukujaaliwa mtoto. Eda ikiisha nitatoka humu na begi la nguo na jina langu tu. Na jina langu ndilo lililokuwa linachezewa mpira.

Simu ikaita. Mama Amjad wa Pangani, naye anamwoza binti yake. Ndiye aliyekuwa na oda kubwa kuliko zote za mwaka huu, makopo ya kuwapa wageni wote wa harusi na udi wa chumba cha maharusi.

"Bi Shamsiya, nina swali moja. Ile hina ni yako?"

"Si yangu, dada yangu. Naapa."

"Alhamdulillah. Basi mikono ni ya nani?"

Unaona mtego ulivyo? Nikijitoa kwenye hina naingia kwenye sufuria.

"Nilikuja kwako," akaendelea, "kwa sababu uliniambia udi wa mwanangu utaupika kwa mkono wako. Nimeshawatangazia wakwe. Sasa nasikia mara hivi, mara vile. Mie sitaki kukubana kwenye simu, una msiba. Sema kwenye laivu, nitasikiliza pamoja na wenzangu. Usiposema, nanunua kwingine, na hatutagombana."

Bora angenitukana.

Wifi Bayan naye akatuma ujumbe wa sauti. Ana roho nzuri Bayan, ila anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa moto. "Wifi, nyamaza tu. Mvalishe Lea glavu, watu wana mambo mengi, wiki mbili watakuwa wamesahau."

Niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili nikapandwa na hasira, hasira nzuri, ile inayokunyoosha mgongo. Nyamaza kwa nini? Nimeiba? Nimezini? Nimekaa chumbani humu siku arobaini na nane, sijapaka hata mafuta ya nywele yenye harufu, halafu mtu aliyelala kitandani mwake na simu tumboni aniulize eda yangu? Eda yangu ni ya Amur na ya Mola wangu. Wafuasi wangu wana haki ya kuuliza udi umepikwaje, na hapo nina deni la kweli. Lakini kaburi la mume wangu hawakulichangia.

Nikamjibu Bayan, "Glavu avae daktari."

Kisha nikaandika kwenye ukurasa, bila salamu ndefu, bila maua wala mioyo: "Kesho Jumapili baada ya alasiri, laivu. Njooni wote, na mliotukana pia njooni, nafasi ipo."

Lea alikuja Jumapili moja kwa moja kutoka kanisani, na sare yake ya kwaya, kitenge cha bluu chenye kola nyeupe. Mikono imewaka hina.

"Kanisani walisemaje?" nikamuuliza.

"Mchungaji alisema nimependeza. Mke wake akauliza fundi yuko wapi."

Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari kama siku zote. Akapanga chetezo, makaa, udi, mwiko. Halafu akaja akasimama kwenye pazia, upande wangu.

"Bi Shamsiya, utasema yote?"

"Nitasema yanayotosha."

Alinitazama kidogo. Kisha akarudi kwenye kigoda chake akakaa.

Bi Khuloud alikuwa ameweka kiti uani, tasbihi mkononi, mahali asipoonekana ila anasikia kila neno. Aliniambia kitu kimoja tu kabla hatujaanza: "Sauti isitetemeke."

Tukawasha. Watazamaji mia tatu. Mia tisa. Elfu moja na mia nne. Sijawahi kuwa na umati ule hata siku ya kugawa udi wa bure. Walipofika elfu mbili nikaanza.

"Assalaam alaikum. Na wasiokuwa Waislamu, habari za Jumapili. Mie ni Shamsiya. Leo siuzi, leo nasema. Mikono mliyoiona Alhamisi si yangu. Ni ya dada Lea. Dada Lea, inua simu wakuone."

Lea akainua simu. Kwa mara ya kwanza watu waliona uso wake, mpana, mtulivu, na kola nyeupe ya kwaya.

"Hina ni ya harusi ya jirani yake, na imemkaa vizuri. Eda yangu sijaivunja na sitaivunja. Aliyeandika habari za mwili wa mume wangu, sina la kumwambia, atayakuta mwenyewe. Ile posti ya kusema video ni ya zamani ilikuwa uongo, na uongo huo ni wangu peke yangu. Niliogopa."

Komenti zilikuwa zimesimama.

"Na jingine," nikasema. "Tangu mume wangu afariki, mie sigusi sufuria. Anayepika ni Lea. Niliwaacha mdhani ni mie kwa sababu mlipenda kudhani hivyo. Anayetaka kuondoka kwa hilo, aondoke, na simlaumu. Anayebaki, udi ni ule ule aliokuwa akiusifia juzi."

Sauti haikutetemeka. Nilisikia tasbihi ya Bi Khuloud ikiendelea uani, chembe kwa chembe.

Kisha komenti zikafunguka. "Pole dada." "Mungu akupe subira." "Sisi tulishakuhukumu, tusamehe." Mmoja akaandika kwamba yeye hawezi kuchoma nyumbani kwake udi uliopikwa na Mkristo. Kabla sijafungua mdomo, mteja mmoja wa Chumbageni akamjibu: "Bibi yangu alinunua udi kwa Mhindi miaka hamsini na sote tupo hai." Watu wakamcheka, nami nikacheka kwa sauti, na wao wakasikia nacheka, wakacheka zaidi.

Nilijiona nimeshinda. Nakwambia kweli, niliketi kitandani nikajisemea, Shamsiya, umewaweza.

Hapo Loveness wa Arusha akaandika: "Ahsante kwa kusema kweli. Kwa hiyo kabla ya msiba ulikuwa unapika mwenyewe?"

Nilisoma kwa sauti, kama ninavyosoma maswali yote.

"Ndiyo," nikasema.

Lile ndiyo lilitoka lenyewe, limezoea njia.

Lea akaweka mwiko chini. Nilisikia ulivyogonga meza.

"Hapana, Bi Shamsiya," akasema.

Sasa nikugeukie wewe, msomaji, maana na wewe unanidai. Wiki zote hizi nimekusimulia kwamba Lea alishika sufuria siku nilipoingia eda. Hata juu ya ukurasa huu huu nimekusimulia kana kwamba ni eda iliyonitoa jikoni. Sikukutendea haki. Nilitaka unipende kwanza. Kweli anayo Lea, na aliitoa mbele ya watu elfu mbili kwa sauti ile ile anayoimbia kanisani, bila kuipandisha.

"Ni mwaka na nusu," akasema. "Marehemu alikuwa mzima, na alikuwa akinisaidia kubeba sukari. Bi Shamsiya alinifundisha vizuri, hilo sikatai, mwanzo nilikuwa naunguza. Lakini wateja walipozidi akakosa nafasi ya jiko. Kutwa yuko kwenye simu anawajibu ninyi. Mnamuuliza habari za asubuhi, anawajibu. Mnamwambia mmegombana na waume zenu, anawajibu. Sufuria nikabaki nayo mimi. Wale mnaosema udi wa mwaka huu umezidi utamu kuliko wa zamani, mkono ni huu."

Akaionesha, yote miwili, na maua yake.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza. Angesema kwa ubaya ningepata pa kushika.

Na kweli hiyo nilikuwa naijua kabla hajaisema. Nilivyozidi kuwa karibu na wateja ndivyo nilivyozidi kuwa mbali na kile walichokuwa wananunua. Mara ya mwisho kupika udi peke yangu mwanzo mpaka mwisho sikumbuki hata ilikuwa mwezi gani. Ninakumbuka tu kwamba niliurekodi.

Uani tasbihi ilikuwa imenyamaza.

Komenti zikakatika kabisa. Nikangoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, mgongo nimeunyoosha. Ikaja komenti moja, jina nalijua.

"Mama Amjad hapa, Pangani. Oda yangu iko pale pale, sivunji. Lea, mama, weka namba yako."

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Chini yake ikaja nyingine. "Na mimi naomba namba ya Lea." Nyingine. "Lea weka namba tuagize kwako." "Lea una ukurasa wako?" "Lea nipo Korogwe, unatuma?" Zilipanda kwa kasi mpaka skrini haisomeki, jina moja tu linapita juu kila mstari, na si langu.

Hata Loveness. Aliandika: "Shamsiya nakupenda. Lea, namba."

"Wanasemaje huko?" Bi Khuloud akauliza kutoka uani, kwa sauti ya chini.

Lea alizisoma zote. Anasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akageuza uso kwenye pazia, na elfu mbili wakageuka naye.

"Bi Shamsiya, wanaomba namba yangu. Niwape?"

Nikisema hapana, wamesikia. Mjane aliyewadanganya mara tatu ndani ya siku mbili, sasa anamziba mdomo mwanamke aliyempikia mwaka na nusu. Nikisema ndiyo, kesho oda ya Pangani inapikwa Pongwe, na ya Korogwe inapikwa Pongwe, na mie nimebakiza zaidi ya miezi miwili na nusu ya kukaa chumbani humu na makopo matupu yenye jina langu. Mama mkwe hatahitaji kufuli. Atakuwa anafungia nini?

Mie, niliyejibu kila mtu kila swali, saa sita usiku, siku ya mazishi, nikitokwa na machozi, sikuwa na neno.

Lea alingoja. Alinipa muda, nashuhudia hilo mbele ya Mungu. Alingoja mpaka mtu akaandika, "Mbona kimya?"

Halafu nikamsikia akivuta pumzi, ile ya kwaya, ya kabla ya ubeti.

"Haya," akawaambia, "chukueni kalamu."

Simu ya biashara haina bando. Inatumia intaneti ya kisanduku kilichopigiliwa ukutani chumbani kwangu, juu ya kitanda, na swichi yake inafikika bila hata kusimama. Kikizimwa, laivu inakatika papo hapo.

"Sifuri," Lea akasema. "Saba."

Nikanyoosha mkono wangu, mkono mtupu usio na hina, nikaweka kidole kwenye swichi.

"Moja," akasema. "Tano."